Mashine umenunua, vumbi umemwachia nani?

Video zenyewe ushaziona. Mashine ya CNC iko juu ya meza, kisu kinazunguka, jina la kinyozi au nakshi ya mlango inajitokeza polepole kwenye ubao wa MDF, na muziki umewekwa juu. Watu wanabonyeza moyo, wanauliza bei, wanauliza uko mtaa gani. Kitu kimoja hakiulizwi na yeyote: lile wingu la rangi ya mchanga linaloinuka na kujaza chumba, huku kijana mwenye mashine amesimama pembeni, simu mkononi, pua wazi.

Haya tunayoandika leo ni yako wewe mwenye mashine hiyo, au unayeweka akiba ya kuinunua, uwe Likoni, Kisauni au Changamwe. Hatuji kukwambia uache. Kazi ipo na tunaifurahia: mabango ya saluni na vibanda vya chakula, nakshi za kutenganisha sebule, maandishi ya ukutani, milango ya kabati za jikoni, mapambo ya keki. Kijana aliyesoma kuchora kwa kompyuta leo anaweza kumkatia mteja wa Nyali kitu ambacho zamani kingemchukua fundi wiki nzima. Hiyo ni riziki ya halali, na ni ustadi.

Tunachosema ni kwamba mashine ya CNC isiyo na kifaa cha kunyonya vumbi haijakamilika. Ni kama tuktuk isiyo na breki. Asiyekuwa na pesa za kunyonya vumbi, basi bado hajafikisha pesa za mashine, aendelee kuweka akiba kidogo.

Utasema tunakuza mambo. Hebu tupige hesabu pamoja, ni ya kuzidisha na kugawanya tu.

Ukikata MDF ya milimita 18 kwa kisu cha milimita 6, kila mita moja ya mkato inageuza sentimita za ujazo 108 za ubao kuwa unga. MDF ya kawaida ina uzito wa takriban kilo 700 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo mita hiyo moja ni gramu 76 hivi. Bango lenye herufi kubwa linamaliza mita kumi kwa urahisi. Hapo ni robo tatu ya kilo ya unga mtupu.

Sasa njoo kwenye chumba. Wengi wenu mnafanyia kazi kwenye keja ya futi kumi kwa kumi, au kibanda cha mabati cha kipimo hicho hicho mbele ya nyumba ya mzazi. Paa likiwa futi tisa juu, ndani mna mita za ujazo 25 na ushee za hewa. Uingereza imeweka kikomo cha vumbi la mbao ngumu kazini kuwa miligramu 3 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa saa 8, na nchi za Umoja wa Ulaya zimeshuka hadi miligramu 2 tangu Januari 2023. Tuchukue ile 3 ya Waingereza. Zidisha kwa chumba chako: miligramu 76.

Umeona? Gramu 76 umezikata, miligramu 76 ndizo zinazoruhusiwa kuelea. Moja kwa elfu. Kati ya vijiko elfu moja vya unga uliotoa, kijiko kimoja tu kikibaki hewani, hewa ya chumba imeshagonga kikomo hicho kwa mita ya kwanza ya mkato. Na bado una mita tisa za bango, na mteja wa pili anapiga simu.

Fundi wa zamani ana maneno mawili ambayo sisi wa mashine tumeanza kuyachanganya: maranda na unga. Maranda ni yale mabaki makubwa yanayotoka kwenye randa au tezo. Yanaanguka chini, unayazoa, yanawasha jiko. Unga ni kitu kingine. Unga unaouona sakafuni wenyewe si tatizo kubwa. Ule mbaya huuoni. Chembe zilizo chini ya mikroni 10, na unywele wa kichwa chako una kama mikroni 70, zinapita puani na kushuka kifuani, na zile ndogo zaidi zinaweza kubaki zikielea kwa saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Unavua barakoa ukidhani kazi imekwisha, unakaa kula wali wako hapo hapo mezani, kumbe sasa ndiyo unazivuta vizuri.

Hapa pwani tuna mfano mzuri wa jinsi kazi ya mbao ilivyobadilika. Changamwe kuna chama cha ushirika cha wachongaji, Akamba Handicraft, kilichoanzishwa 1963. Kwa miaka mingi vinyago vyake vilitoka kwenye mpingo na muhugu, na miti hiyo ilipoadimika wachongaji wengi wakahamia mwarobaini. Ukiwaangalia wakifanya kazi, utaona mambo mawili. Wanakaa kwenye vibanda vilivyo wazi, upepo unapita. Na kazi kubwa ya kuumba umbo inafanywa kwa tezo na patasi, vifaa vinavyotoa maranda, si unga. Vumbi lao kali linakuja mwishoni, kwenye msasa, na muulize yeyote aliyewahi kusugua mwarobaini mkavu: uchungu wake unafika kooni kabla hujamaliza upande mmoja.

Wewe umefanya nini? Umechukua kazi hiyo, ukaiingiza ndani, ukafunga dirisha ili kelele isiwafikie majirani, halafu badala ya tezo ukaweka kisu kinachozunguka mara 24,000 kwa dakika. Kwa maneno mengine, kazi yako yote imekuwa msasa kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hilo si kosa la mashine. Ni kwamba tumeleta mashine bila kuleta mazingira yake.

Madhara yenyewe tuyaseme bila kutishana. La karibu ni pumu na mzio: pua kutiririka, macho kuwasha, kifua kubana usiku. Mvule, mti tunaoupenda kwa samani, unajulikana siku nyingi kwa kuwasumbua mafundi ngozi na kifua. MDF ina jambo lake la ziada, kwa sababu ni nyuzi za mbao zilizogandishwa kwa gundi yenye formaldehaidi, kemikali ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Vumbi la mbao lenyewe, bila gundi yoyote, lilikuwa limeshawekwa kundi hilo hilo tangu 1995.

Ushahidi huo haukutoka hewani. Huko Uingereza kuna mji unaoitwa High Wycombe, mji wa mafundi wa viti kwa vizazi na vizazi. Miaka ya 1960 madaktari wa eneo la Oxford walianza kushangaa kwa nini saratani ya ndani ya pua, ugonjwa adimu sana, inawapata watengenezaji samani wa pale mara nyingi kuliko watu wengine. Walipofuatilia wakakuta ni vumbi la miti migumu. Wengi wa wagonjwa walikuwa wamelivuta kwa miongo kabla ugonjwa haujajitokeza. Ni kweli saratani hiyo bado ni nadra, na hatusemi kila mwenye CNC ataipata. Lakini wewe una miaka 22. Hiyo miongo unayo yote mbele yako.

Haya, tufanye nini? Hapa ndipo tutakapokaa zaidi, maana hotuba bila ufundi haimsaidii mtu.

Cha kwanza hakigharimu hata shilingi. Punguza unga kabla haujatoka. Wengi wenu mnaogopa kuvunja kisu, kwa hiyo mnakizungusha kasi ya mwisho na kukisogeza taratibu. Matokeo yake kisu hakikati, kinasaga. Chukua mwendo wa kusogea, ugawanye kwa mizunguko ukizidisha na idadi ya makali, utapata unene wa kila tonge ambalo kisu kinameza. Kisu cha makali mawili, mizunguko 24,000, mwendo wa milimita 1,200 kwa dakika: kila tonge ni milimita 0.025. Huo ni unga wa kupaka usoni. Shusha mizunguko hadi 18,000, pandisha mwendo hadi 3,600, tonge linakuwa milimita 0.1, na sasa angalau kwenye mbao halisi na plaiwudi unaanza kuona chenga badala ya poda. Kisu pia kitakaa muda mrefu kwa sababu hakichomeki. Kama mashine yako ni ndogo na inatetemeka kwa mwendo huo, punguza kina cha kila mkato, usipunguze mwendo. MDF itatoa unga hata ufanye nini, lakini utapungua.

Cha pili ni kofia yenye sketi ya brashi, inayofungwa kwenye mota na kukizunguka kisu hadi kugusa ubao. Bila sketi, hata vakyumu kubwa namna gani haifui dafu, kwa sababu nguvu ya kunyonya hufa haraka ukitoka sentimita chache mbali na mdomo wa paipu. Wapo wanaofunga paipu kwa selotepu kando ya mota, paipu ikiwa imeelekezwa kwenye kisu kama kidole. Hiyo inaokota chenga mbili tatu na kuuacha unga wote upite.

Na raha ya jambo hili ni kwamba mashine yako inaweza kujikatia sketi yenyewe. Pima mwili wa mota kwa kalipa, nyingi zina kipenyo cha milimita 65 au 80. Chora kipande chenye tundu la mota na tundu la paipu, kata kwenye plaiwudi au plastiki angavu ili ukione kisu kikifanya kazi. Sketi yenyewe si lazima uagize ng'ambo. Brashi ile ndefu ya kuziba chini ya mlango inafaa. Hata tyubu kuukuu ya baiskeli, ukiikata vipande vyembamba kama pindo, inafanya kazi. Igawe kofia vipande viwili vinavyoshikana kwa sumaku, kwa sababu ikiwa kubadilisha kisu kunahitaji kufungua skrubu nne, tunakujua, siku ya tatu utaivua na hutairudisha.

Mambo mawili yanawashinda wengi hapo. Moja, kofia inayopanda na kushuka pamoja na mota hubanwa brashi kadiri kisu kinavyozama, kwa hiyo kwa kazi ya kina kirefu afadhali uifunge kwenye sehemu inayosafiri kushoto na kulia tu, isiyoshuka. Pili, mota zinazopozwa kwa feni yao wenyewe hupuliza hewa kuelekea chini, moja kwa moja ndani ya sketi, na zinapingana na vakyumu yako. Weka kisahani kati ya feni na kofia kuigeuza hewa hiyo pembeni. Na vibano vya kushikilia ubao viwe vifupi, la sivyo kofia itavigonga katikati ya kazi na utatukumbuka.

Cha tatu, mnyonyaji mwenyewe. Kwa mashine ya nyumbani, vakyumu ya karakana, ile ya kuvuta maji na vumbi, inatosha. Lakini usiiunganishe moja kwa moja. Unga wa MDF unaziba kichujio kwa dakika chache, nguvu inaisha, na wewe unaendelea kusikia kelele ukidhani inavuta. Katikati weka ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Paipu inayotoka kwenye mashine iingie kwa ubavu, ikiwa imelala kufuata ukuta wa ndoo, ili hewa izunguke kama kimbunga. Paipu ya kwenda kwenye vakyumu itoke juu katikati. Uzito wa chenga unazitupa ukutani, zinaporomoka chini, na hewa karibu safi ndiyo inayoendelea. Watu huuza koni ya plastiki ya kazi hiyo, inafanya vizuri zaidi, ila ndoo na viungo vya mabomba ya maji vitakufikisha. Tahadhari tu: paipu ikiziba, vakyumu inaweza kuikunja ndoo nyembamba kama kopo la soda. Tumia ndoo nene.

Halafu kuna kichujio. Hapa ndipo watu hudanganyika vibaya zaidi. Vakyumu yenye kichujio cha sponji inaokota kile unachokiona na kukutemea nyuma kile usichokiona, tena kwa nguvu. Tafuta kichujio cha HEPA kinachoingia kwenye modeli yako. Ukikosa, toa vakyumu nje ya chumba kupitia tundu ukutani, ipumulie nje, lakini siyo chini ya dirisha la jirani. Tutarudi kwa jirani.

Umeme nao. Soketi ya kawaida ni ampea 13; kwa volti 240 hiyo ni wati 3,120. Mota ya wati 1,500 na vakyumu ya wati 1,400 tayari ni 2,900, kabla ya kompyuta na feni, na vakyumu inapowaka huvuta zaidi kwa sekunde chache. Usizichomeke zote kwenye ekstensheni moja ya sokoni. Zigawe kwenye soketi tofauti, na umuulize fundi wa stima kama zinatoka kwenye waya mmoja, maana katika nyumba nyingi za kupangisha zinatoka kwenye waya mmoja.

Ukishaanza kunyonya utakutana na mzuka mwingine: mashine inasimama katikati ya kazi, kompyuta inasema imepoteza mawasiliano. Vumbi kavu likikimbia ndani ya paipu ya plastiki linajenga umeme tuli, nao ukiruka kwenye bodi unaichanganya akili. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, kwa hiyo tunasumbuka kidogo kuliko watu wa nchi kavu, lakini unaweza kutokea. Pitisha waya wa shaba usio na ganda ndani ya paipu, ufunge upande mmoja kwenye waya wa athi. Kazi ya nusu saa.

La moto tulitaje kwa ufupi ila ulichukue kwa uzito. Kisu butu, au kisu kilichosimama mahali pamoja huku kinazunguka, kinachoma mbao. Cheche ndogo ikinyonywa hadi kwenye ndoo iliyojaa unga inaweza kukaa ikifuka taratibu hadi usiku wa manane. Mwaga ndoo kila jioni, nje, kwenye chombo cha bati. Usiiache ndani ya chumba unacholala.

Tunajua wengi mnalala humo humo.

"Lakini mimi navaa barakoa." Ipi? Ile ya kitambaa, au ile ya bluu ya hospitali, inaacha mianya pande zote. Inayosaidia ni N95 au FFP2 iliyobana usoni, na hata hiyo ukiwa na ndevu haibani. Ivae, hasa unapomwaga ndoo. Ila ifanye iwe ya mwisho, baada ya sketi na vakyumu, kwa sababu barakoa inakulinda wewe peke yako, tena kwa muda ule tu ulioivaa. "Mimi nafungua mlango na kuwasha feni." Feni ya dari inakoroga, haitoi. Kufagia vilevile: ufagio unainua upya kile kilichokuwa kimetulia. Futa kwa kitambaa chenye maji au vuta kwa vakyumu. Na ile tabia ya kujipuliza nguo kwa hewa ya kompresa kabla ya kutoka, hiyo iache leo.

Hoja nzito zaidi ni pesa, na hatuidharau. Tunajua MDF moja ya futi nane kwa nne inavyopatikana kwa taabu, inavyovushwa feri ya Likoni juu ya mkokoteni na kuomba Mungu isigongwe pembe. Tunachokuomba ni mpangilio tu. Kabla ya kununua leza ya kuongeza kwenye mashine, kabla ya seti ya visu 40 ambayo utatumia vinne, kabla ya taa za rangi za kupendezesha video, nunua vakyumu. Na anza kuihesabu kwenye bei. Unapomtajia mteja bei ya bango unahesabu ubao, umeme na saa zako. Ongeza kichujio. Mteja hatakimbia kwa sababu ya nyongeza hiyo ndogo, na akikimbia, alikuwa anataka umlipie kwa kifua chako.

Sasa jirani. Watu wa upande huu wa mji hatuhitaji kufundishwa na mtu kwamba kinachotoka kazini hakiishii kwenye ukuta wa kazini. Owino Uhuru iko hapo Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilikuwa kinapakana na nyumba za watu, na madini ya risasi yakaingia kwenye damu za watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, aliongoza mapambano na mwaka 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi wafidiwe Sh1.3 bilioni, uamuzi huo ukatenguliwa kwenye rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Unga wa MDF si risasi, na keja yako si kiwanda, wala hatulinganishi madhara. Tunasema tu kwamba mama anayeanika nguo za mtoto upande wa pili wa mabati yako hakukubaliana nawe lolote kuhusu hewa yake, na ana haki ya kukugongea mlango. Akigonga, mwite ndani umwonyeshe ndoo yako.

Halafu yule mdogo wako, au mtoto wa jirani anayekuja baada ya shule "kujifunza kazi". Ndiye unayempa kufagia. Ndiye anayemwaga ndoo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali ambapo mtu anafanya kazi, na haimwachi nje aliyejiajiri. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka huo huo, inamhesabu mwanagenzi kuwa mfanyakazi. Wengi mtaani hudhani sheria hizi ni za viwanda vya Changamwe vyenye mageti na walinzi. Hapana, ni zako pia siku ile unapomwambia dogo, "Shika hapa."

Na tusiwabebeshe vijana mzigo wote. Anayeuza mashine hizi mjini amwonyeshe mnunuzi sketi na ndoo kabla hajatoa risiti. Kama hauzi, basi amwambie. Chuo cha ufundi kinachopokea mashine mpya ya CNC na kuizindua kwa utepe kiifunge mfumo wa kunyonya vumbi kabla ya mwanafunzi wa kwanza kuigusa, kwa sababu atakachokiona pale ndicho atakachokirudia Kisauni. Serikali ya kaunti, inapotangaza mikopo na vifaa kwa vijana, iweke vakyumu kwenye orodha ileile ya mashine, isiwe kitu cha kuombwa baadaye. Na maafisa wa usalama kazini wakija kwenye karakana ndogo, waje kufundisha kwanza. Kijana akijua kwamba mgeni wa serikali maana yake ni faini, atahamishia mashine chumba cha ndani zaidi, na huko hakuna hata dirisha.

Kuna jaribio moja unaweza kulifanya leo usiku bila kununua chochote. Kata kitu kwa dakika moja, zima mashine, zima taa, kisha washa tochi ya simu na uielekeze kutoka pembeni, siyo usoni kwako. Tazama ndani ya ule mwanga. Keti hapo, hesabu dakika ishirini, utazame tena.